Kununua kwa Mnada Mtandaoni: Tuliyojifunza kwa Amana ya Dada Yetu



 

Mara nyingi baada ya Swala ya Ijumaa hapa Jinja, ndugu hutushika mkono na kutuuliza: "Lile gari la dada yenu wa Mbale mlilinunuaje huko Japani? Nasi twaweza?" Kwa muda mrefu jibu letu lilikuwa fupi, kwamba inawezekana, muhimu ni kuwa makini. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Hatukuwa tukisema kwamba kabla ya gari hilo tulipoteza dola 1,000, yaani karibu shilingi milioni 3 na laki 8, na kwamba fedha hizo hazikuwa zetu. Leo tumeona tuseme yote, kwani anayeficha shimo alilotumbukia humwachia mwenziwe naye atumbukie.

Fedha zilikuwa za nani?

Shemeji yetu alifariki mwaka 2021, Allah amrehemu. Alikuwa dereva wa taksi, zile gari za abiria 14, kati ya Mbale na Iganga. Alimwachia dada yetu watoto wanne. Mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameanza masomo katika Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, na mdogo alikuwa bado chekechea. Baada ya madeni kulipwa na mirathi kugawanywa mbele ya wazee, iliuzwa taksi kuukuu pamoja na kiwanja kidogo, na mkononi zikabaki shilingi milioni 34 za mjane na watoto wake.

Dada hakutaka fedha zile zikae ndani zikaliwa kidogo kidogo. Alitaka gari la watu wanane, aina ya Toyota Noah, lipeleke watoto wa majirani shule asubuhi na kuwarudisha jioni. Dereva angekuwa mdogo wake marehemu. Kwa mpango huo ada za watoto zingepatikana kila muhula.

Fedha alituletea sisi, mume na mke, kwa sababu tunaishi Jinja. Magari ya Japani yanayotoka Mombasa hupita hapa kwetu kila siku, yakitokea Malaba na Busia kuelekea Kampala. Dada alidhani tunajua mambo ya magari. Ukweli ni kwamba tulijua kuyatazama yakipita, basi.

Kila aliyesoma Suratun-Nisaa anajua onyo kali lililomo juu ya mwenye kula mali ya mayatima kwa dhulma. Sisi hatukukusudia kula hata senti moja. Lakini tulikuja kujifunza kwamba mali ya yatima haipotei kwa kuliwa tu, bali hupotea pia kwa uzembe wa yule aliyeaminiwa.

Gari la bei rahisi

Ilikuwa Julai 2022. Katika bondi za magari kule Kampala tulikuwa tumetajiwa milioni 35 na zaidi kwa Noah ya aina tuliyoitaka. Jamaa wakatuambia kwamba ukinunua mwenyewe kwenye mnada wa Japani kupitia intaneti utaokoa fedha. Tukaanza kutafuta.

Siku moja tukaona tovuti yenye picha nzuri. Jina lake lilifanana mno na jina la kampuni inayojulikana, tofauti ilikuwa herufi moja tu, nasi hatukuiona. Palikuwa na Noah ya mwaka 2010, iliyotembea kilomita 61,000, kwa dola 2,300 mpaka bandari ya Mombasa. Kwingineko magari kama hilo tulikuwa tumeyaona kwa dola 3,600 hadi 4,500. Iliandikwa kwamba ni mnada wa siku ya mwisho, na saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma: zimebaki saa tano, zimebaki saa nne.

Tuliandika ujumbe. Akajibu mtu mwenye adabu sana, ambaye baada ya kuona majina yetu alianza kutusalimia kwa salamu ya Kiislamu. Akasema yuko mteja wa Zambia anayelitaka gari hilo hilo na ameshapandisha bei. Tukituma dola 1,000 za kulishikilia kabla ya jioni, gari ni letu. Akaunti aliyotupa ilikuwa ya jina la mtu binafsi, tena katika nchi ambayo si Japani.

Hilo tuliliona. Mmoja wetu aliuliza, "Mbona akaunti si ya kampuni?" Mwingine akajibu, "Labda ni wakala wao. Muda unakwisha." Dada hatukumpigia simu. Tulijiambia kwamba hatutaki kumsumbua, lakini ukweli ni kwamba tulitaka kumpelekea habari njema iliyokamilika, atushangilie.

Baada ya siku tatu yule mtu alitaka dola 600 nyingine, akiziita za bima. Hapo ndipo tulipoanza kuuliza maswali ambayo tungepaswa kuuliza mwanzo. Baada ya wiki moja tovuti haikufunguka tena na simu haikupokelewa. Tulitoa taarifa polisi, lakini fedha zilikuwa zimeshachukuliwa huko zilikokwenda, na hazijarudi.

Safari ya Mbale

Habari kama hiyo haisemwi kwa simu. Wiki ya kwanza ya Agosti tulipanda taksi, tukapita Iganga na Nakalama, tukashika barabara ya Tirinyi. Tulivuka mabonde ya mpunga ya mto Mpologoma hatujazungumza neno. Kila mmoja alikuwa akipanga maneno yake. Mlima Wanale ulipoanza kuonekana mbele, maneno yote yakapotea.

Mbale yenyewe ilikuwa katika msiba. Usiku wa Julai 30, mwaka huo wa 2022, mvua kubwa ilinyesha, mito Nabuyonga na Namatala ikafurika, watu wakafa na nyumba zikasombwa. Nyumba ya dada ilisalimika, lakini tulikuta ndani jamaa waliohifadhiwa baada ya kupoteza vyao. Katika hali hiyo ndipo tulipofika sisi na habari yetu.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu: "Bei ya juu kabisa tuliyokubaliana ilikuwa ngapi, na aliiandika nani?"

Hatukuwa na jibu. Hatukukubaliana bei, na hakuna aliyeandika chochote.

Akasema, "Basi huyo mwizi wa mtandaoni hakufanya kazi peke yake. Haraka yenu ilimfungulia mlango."

Kijana wake mkubwa aliinuka, akaenda akaleta daftari la shule, akaliweka mbele yetu. "Mjomba," alisema kwa heshima, "marehemu Baba alikuwa akisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuanze kuandika." Ukurasa wa kwanza tuliandika deni letu sisi wenyewe: shilingi milioni 3 na laki 8, zitakazolipwa laki 2 kila mwezi kwa miezi 19, kuanzia Septemba. Tulitia saini. Hakuna aliyetulazimisha, lakini tuliona kwamba aliyepoteza amana kwa kutokuwa mwangalifu hawezi kujificha nyuma ya neno "kadari".

Tulidhani dada atasema hataki tena kusikia habari ya mnada. Badala yake alisema, "Hatutaacha mnada kwa sababu ya mwizi. Tutaacha haraka."

Mnada katika dini na duniani

Baadhi ya ndugu walituambia kwamba balaa lile lilitupata kwa kuwa mnada wenyewe haufai. Tulirudi kwa masheikh wetu kuuliza. Wakatukumbusha ile Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (Radhiya Allahu anhu), iliyomo katika Sunan za Abu Daud na At-Tirmidhi, ya yule Answari masikini ambaye nyumbani kwake palikuwa na tandiko na kikombe tu. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alivinadi vitu hivyo viwili mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Kwa fedha hizo yule Answari alinunua chakula cha watu wake na shoka la kukatia kuni, akafanya kazi, akarudi na dirhamu kumi. Basi mnada si haramu, na pale ulikuwa mlango wa riziki kwa familia yenye dhiki.

Kilichokatazwa ni mambo yanayoingizwa ndani yake. La kwanza ni najash, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili amdanganye mwingine. La pili ni gharar, biashara ya kitu kisichojulikana hali yake. Mteja wetu wa Zambia, ambaye bila shaka hakuwapo, alikuwa najash. Gari ambalo hatukuona hata namba ya chasisi yake lilikuwa gharar. Makatazo hayo tuliyasoma tangu madrasa, lakini hatukuyatambua yalipotujia ndani ya kompyuta.

Sheria za dunia nazo zinalijua jambo hili. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtoza faini muuzaji aliyekuwa akijipandishia bei ya bidhaa zake mwenyewe kwenye mnada wa eBay kwa kutumia jina jingine. Miongoni mwa bidhaa hizo lilikuwamo basi dogo.

Na upo mfano mwema pia. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada huo wa eBay huko Marekani mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, nayo iliuzwa kwa dola 14.83. Ilielezwa wazi kwamba ni mbovu, na mnunuzi aliitaka hivyo hivyo kwani alikuwa akikusanya kalamu mbovu. Kitu kibovu kilichoelezwa ubovu wake ni biashara halali. Kitu kizuri cha kwenye picha ambacho hakipo ni wizi.

Hesabu kwanza, mnada baadaye

Tulianza upya mwezi wa Machi 2023. Safari hii tulikaa watu watano kwenye mkeka mmoja Mbale, na daftari katikati.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba minada mikubwa ya magari ya Japani, kama ile ya kampuni ya USS, haimruhusu mtu yeyote tu kununua. Wanaonunua ni wanachama waliosajiliwa. Wewe uliye Jinja au Mbale unanunua kupitia kampuni wakala, ambayo inapeleka bei yako na kukutoza ujira wake. Hivyo swali kubwa halikuwa "gari gani?" bali "wakala gani?"

Tulitumia wiki tatu kumtafuta wakala. Tulitazama kama jina lake limo katika orodha ya JUMVEA, ambacho ni chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika wanaosafirisha kutoka Japani. Tulipiga namba ya simu iliyo kwenye orodha hiyo, si ile tuliyotumiwa kwa ujumbe. Tulihakikisha kwamba akaunti ya benki iko Japani na ina jina la kampuni lenyewe, neno kwa neno. Tena tuliwauliza watu wawili waliokwisha kununua kwake na magari yao tukayaona kwa macho.

Jambo la pili ni hesabu, na hesabu yenyewe huanzia mwisho kwenda mwanzo. Wengi hutazama bei ya gari kwanza, kisha hushtuka linapofika mpakani. Sisi tulianza na fedha zote tulizokuwa nazo, pamoja na zile tulizokwisha kulipa deni: milioni 31 na laki 6. Tukatoa milioni 2 za matengenezo, matairi na bima. Tukatoa milioni 14 za kodi. Msishangae, wasomaji. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 18, kuna kodi ya zuio ya asilimia 6, na kwa kuwa gari la uwezo wetu lilikuwa limezidi miaka minane, ilikuwapo pia kodi ya mazingira. Kwa upande wetu kodi zilizidi kidogo bei ya gari lenyewe pamoja na meli. Tukatoa milioni 2 za bandari, wakala wa forodha, dereva na namba za gari. Zilibaki milioni 13 na laki 6, karibu dola 3,600. Humo ndani mna meli na ujira wa wakala. Tulipotoa hayo, bei ya juu ya kupeleka mnadani ilikuwa yeni 220,000.

Dada aliandika 220,000 kwa wino mwekundu, akaizungushia duara. Sote tukatia saini. Tulikubaliana kwamba namba hiyo haiwezi kubadilishwa isipokuwa tukikaa tena watano kwenye mkeka ule ule.

Jambo la tatu ni umri wa gari. Sheria iliyopitishwa Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Hesabu ni tangu kutengenezwa, si tangu kuandikishwa. Na kwa kuwa kodi hubadilishwa mara nyingi mwaka wa bajeti unapoanza Julai 1, usitegemee hesabu yetu hii ya mwaka 2023. Muulize wakala wa forodha viwango vya wakati wako kabla hujapeleka bei.

Kusoma karatasi ya mnada

Kila gari la mnada wa Japani hukaguliwa na watu wa mnada, na huandikiwa karatasi. Usikubali kununua bila kuona nakala ya karatasi hiyo ya asili pamoja na namba ya chasisi. Mpwa wetu alijifunza kuisoma, akatufundisha na sisi.

Juu kuna daraja la gari. Lenye 4 au 4.5 ni zuri, la 3.5 au 3 limechakaa kiasi, na lenye herufi R limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Pembeni kuna herufi ya ndani ya gari, A ikiwa safi na D ikiwa chafu au imechanika. Kisha kuna mchoro wa gari wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipopigwa bodi na rangi, S ni kutu, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba inayofuata, 1 mpaka 3, yaonyesha ukubwa wa tatizo. Ukiona alama ya nyota kwenye kilomita, fahamu kwamba kilomita hizo hazikuthibitishwa.

Tulipoielewa karatasi, tuliona jambo la ajabu. Yale magari yanayong'aa zaidi kwenye picha siyo yaliyokuwa na karatasi nzuri zaidi.

Mnada wa saa kumi usiku

Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Mnada wa huko wa saa nne asubuhi kwetu ni saa kumi usiku. Kwa hiyo gari huuzwa wakati sisi tunaamka kwa ajili ya Alfajiri, na kila moja humalizika kwa sekunde chache tu. Hakuna nafasi ya kufikiri. Kama hukufikiri jana yake, umechelewa.

Gari la kwanza tulilokosa liliuzwa yeni 265,000. La pili 240,000. La tatu ndilo lililotujaribu: daraja 4, ndani B, rangi ya fedha. Liliuzwa yeni 225,000. Tulilikosa kwa yeni 5,000, ambazo hazifiki dola 40. Tulipompigia dada, hata yule kijana mwenye daftari alisema, "Mama, si tungeongeza kidogo tu?"

Dada alijibu, "Aliyelichukua kwa 225,000 huenda alikuwa na kikomo cha 300,000. Tungeongeza elfu tano, naye angeongeza. Mngesimama wapi?"

Hapo tukafahamu wanachomaanisha wachumi wanaposema laana ya mshindi. Katika mnada anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekithamini kitu kupita wote, na mara nyingi amekithamini kupita thamani yake. Kushindwa mnadani si hasara. Ulishindwa na fedha zako zote bado ziko mfukoni.

Gari la nne lilikuwa na daraja 3.5, ndani C, kilomita 118,000, na alama ya W2 kwenye mlango wa nyuma kushoto. Hakuna aliyelipenda kwa picha. Lilipatikana kwa yeni 208,000.

Gari lilipofika

Tulilipa benki kwa benki, kwenye akaunti ya kampuni, na risiti tukaibandika kwenye daftari. Lilikaguliwa Japani kama linavyotaka Shirika la Viwango la Uganda (UNBS), likapakiwa melini, nasi tukapokea hati ya shehena. Lilifika Mombasa mwezi wa Juni 2023, na siku lilipopita Jinja kuelekea Kampala kuandikishwa, dereva alisimama kwetu kidogo. Baada ya miaka yote ya kutazama magari ya wenzetu yakipita, hili tulilijua.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma kushoto. Lile wimbi la rangi lilikuwapo pale pale palipoandikwa. Tulifurahi kuliko kama lisingekuwapo. Jambo moja halikuandikwa: kipoza hewa hakikuwa kikipoza. Kilitengenezwa kwa laki 6, kutoka katika zile milioni 2 tulizozitenga. Hatukukopa.

Gari lilianza kazi Mbale muhula wa tatu wa mwaka huo. Watoto wa shule hulifahamu kwa mlango wake wenye mawimbi. Nasi malipo ya mwisho ya deni letu tuliyatoa Machi 2024, ndani ya Ramadhani. Dada alikata mstari kwenye ukurasa wa kwanza, akatukaribisha futari, na hakulitaja tena jambo hilo. Sisi ndio tunaolitaja.

Nasaha kwa familia

Ndugu wasomaji, huenda ninyi hamtafuti gari. Huenda ni simu, cherehani, au jokofu. Kanuni ni zile zile:

1. Andikeni bei ya juu kabla ya mnada, pamoja na mwenye fedha. Bei isiyoandikwa hupanda yenyewe.

2. Anzeni hesabu kwa gharama za mwisho: kodi, usafiri, matengenezo. Kinachobaki ndicho cha kupeleka mnadani.

3. Jina la akaunti likitofautiana na jina la muuzaji, simameni. Msitafute sababu kwa niaba yake.

4. Someni anwani ya tovuti herufi kwa herufi.

5. Bei iliyo chini mno kuliko ya wengine ni swali, si bahati. Anayekuharakisha ana sababu, na sababu hiyo si faida yako.

6. Salamu ya Kiislamu si dhamana. Mwaminifu hatachukia ukimuuliza vyeti vyake.

7. Kwa vitu vya karibu, kutaneni mahali pa wazi mchana, mkijaribu kwanza ndipo mlipe. Mamlaka ya Mapato (URA) nayo huuza bidhaa kwa mnada, na matangazo yake hutolewa hadharani. Mtu akikupigia simu akidai ana gari la forodha la kuuzwa kwa siri, mshukuru, kata simu.

8. Mkiibiwa, semeni, kwa polisi na kwa jamaa. Aibu ya siku moja yaweza kuokoa fedha za mjane mwingine.

Lile daftari bado liko Mbale, sasa limejaa mafuta, matairi, ada za shule. Wakati mwingine mpwa wetu hutuletea tulitazame. Ukurasa wa kwanza hatupendi kuufungua, lakini tumemwomba asiuchane.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Taala) atujaalie kuwa wenye kuhifadhi amana, azibariki biashara zetu, na awalinde mayatima wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.